Ukishaambiwa, Huwezi Tena Kusema Hukujua

Kila mwaka Isiolo hutoa vijana wanaokwenda kusoma mbali. Wengine huishia hapo jirani, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru. Wengine hufika Chuka, Nairobi, Eldoret au Maseno. Msichana wa Merti, Kinna au Oldonyiro akifikwa na dhuluma ya kingono chuoni, mama yuko mbali, na jambo zito kama hilo halisemeki kwa simu. Humwambia aliye karibu: mhadhiri anayemheshimu, matroni wa bweni, muuguzi wa zahanati ya chuo, au mfagiaji na mlinzi wa lango wanaozungumza lugha ya kwao. Swali ni moja: huyo aliyeambiwa ana wajibu gani?

Nasema ana wajibu wa kuifikisha habari kwa mwenye uwezo wa kuchukua hatua, na kuifikisha bila kumpokonya msichana uamuzi ulio wake. Wapo wanaopinga, na wengi wao si watu wabaya. Ni wahadhiri waliochoka, wazee wanaotaka amani, wazazi wanaoogopa aibu, hata watetezi wa wanawake wenye hofu ya kweli. Wanastahili kujibiwa dai kwa dai.

Dai la kwanza: “Mimi si polisi. Nimeajiriwa kufundisha.”

Ni kweli, na hakuna anayemtaka awe polisi. Mhadhiri akianza kumhoji mtuhumiwa, kutafuta mashahidi au kupekua simu, huenda akaiharibu kesi kabla haijafika mahakamani. Anachotakiwa kufanya ni kidogo na kina mpaka. Amsikilize bila kumkatiza. Amweleze umuhimu wa kufika hospitali mapema. Aandike siku hiyohiyo alichoambiwa, kwa maneno ya aliyesema, bila kuongeza dhana zake. Kisha aifikishe habari kwa ofisi iliyopewa kazi hiyo. Kuchunguza na kuhukumu ni kazi ya wengine.

Kwa walimu wa shule swali hili lilijibiwa zamani. Mwaka 2010 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilitoa Waraka namba 3 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Unamtaka mwalimu aliyepata habari za dhuluma aziripoti ndani ya saa 24, na anayezificha hukabiliwa na hatua za kinidhamu. Hauchagui mwalimu wa hisabati wala wa ushauri nasaha. Aliyejua ndiye anayewajibika.

Mahakama nayo ikaonyesha gharama ya kusema “hainihusu”. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi aliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi. Hakumtwika mwalimu mzigo peke yake. Alisema TSC na serikali nazo zinawajibika, akaamuru wasichana walipwe jumla ya shilingi milioni 5, na akaikemea tabia ya kumhamisha mwalimu mkosaji kutoka shule moja hadi nyingine. TSC ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2020. Kesi ilikuwa ya shule ya msingi, lakini hoja yake haiishii darasa la nane: aliyekabidhiwa watoto wa watu hawezi kusema hayamhusu yanayotendwa na watu wake, kwa mamlaka aliyowapa yeye.

Dai la pili: “Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima. Sheria za kuripoti ni za watoto.”

Hapa upo ukweli unaopaswa kukubaliwa waziwazi. Wahadhiri wa vyuo vikuu hawaajiriwi na TSC, kwa hiyo waraka wa 2010 hauwafungi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina kifungu kinachomlazimu mfanyakazi wa chuo kikuu kuripoti alichoambiwa na mwanafunzi wa miaka 20. Hata kifungu cha 24, kinachomwadhibu kwa kifungo kisichopungua miaka 10 mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kingono, kinataja shule za msingi, shule za upili na taasisi maalumu za mafunzo. Chuo kikuu hakikutajwa kwa jina. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, lakini anayelindwa pale ni mwajiriwa. Mfagiaji wa bweni ana kinga hiyo. Mwanafunzi anayelala katika bweni hilohilo hana.

Pengo hilo ndilo linalonifanya niseme vyuo vijiwekee wajibu huu vyenyewe, kwa kanuni iliyoandikwa. Lakini pengo katika sheria ya kuripoti halifanyi kitendo chenyewe kuwa halali. Kumbaka mtu mzima ni kosa lenye adhabu isiyopungua miaka 10. Mwenye mamlaka, au mtumishi wa umma, anayeendelea kumtaka mtu kingono ilhali anajua hatakiwi, anakabiliwa chini ya kifungu cha 23 na kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ibara ya 29 ya Katiba inamkinga kila mtu, si mtoto peke yake, dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi.

Utu uzima unabadilisha jambo moja, nalo ni kubwa: nani anaamua kwenda polisi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, na mwaka wa kwanza wapo wa miaka 17, ni mtoto kisheria. Habari zake zifike polisi na kwa maafisa wa watoto hata akiomba zifichwe. Aliyetimiza miaka 18 ndiye mwenye kauli juu ya kushtaki. Kwake yeye mfanyakazi huripoti ndani ya chuo, ili chuo kimpe ulinzi: abadilishiwe bweni, mtihani wake usahihishwe na mtu mwingine, aliyemdhulumu asimsimamie tena kwa lolote. Kituo cha polisi atakwenda akiwa tayari, na akienda asiende peke yake. Wanaozichanganya ripoti hizi mbili, ya chuo na ya polisi, ndio wanaowatia hofu wanafunzi na wafanyakazi bila sababu.

Dai la tatu: “Wasichana wakijua kila mfanyakazi lazima aripoti, watanyamaza kabisa.”

Hili ndilo dai ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu wengi wanaolitoa wanawajali wasichana. Nchini Marekani dai hili limewagawanya wasomi kwa miaka. Vyuo vingi kule viliweka kanuni kwamba karibu kila mfanyakazi akiambiwa lazima aripoti, na wapinzani wakasema kanuni hiyo inamnyang'anya manusura usemi wake mara ya pili. Chuo Kikuu cha Oregon kiliwasikiliza, na mwaka 2017 kikawapanga wafanyakazi wake kwa makundi. Wapo wanaopaswa kuripoti. Wapo wanaopaswa kumweleza mwanafunzi njia zilizopo na kufuata atakalo. Wapo wanaotunza siri kabisa, kama washauri nasaha.

Nakubali kwamba wajibu usio na mlango wa siri ni hatari. Ndiyo maana kila chuo kinahitaji watu wanaojulikana kwa jina na chumba, ambao mwanafunzi anaweza kuwaambia bila habari kwenda popote: mshauri nasaha, muuguzi, padri au imamu wa chuo. Ndiyo maana pia mfanyakazi mwingine yeyote lazima aseme mapema, msichana akianza tu: “Nakusikiliza. Ila ujue kuna mambo ukiniambia sitayaficha. Kama unataka siri kamili, nitakupeleka kwa mshauri sasa hivi.” Kwa sentensi hizo tatu, msichana anachagua akijua anachochagua.

Kuna jambo ambalo dai hili haliligusi. Ukimya uliopo leo haukuletwa na wajibu wa kuripoti, kwa maana wajibu wa namna hiyo haujakita mizizi katika vyuo vyetu. Umeletwa na woga wa kutoaminiwa, woga wa alama za mtihani, na woga mwingine ambao kila msichana wa mji mdogo anaujua: kwamba habari itatembea. Anamwambia mhadhiri mmoja kwa siri. Mhadhiri anamnong'oneza mwenzake kwenye mkahawa wa chuo. Baada ya wiki mbili shangazi aliyeko Bulla Pesa anampigia simu mama mtu. Habari imewafikia wote isipokuwa wale wenye uwezo wa kusaidia. Siri isiyo na utaratibu ndiyo inayovuja. Ripoti yenye utaratibu husomwa na watu wachache wanaojulikana, hufungiwa, na anayeivujisha hujibu mbele ya kamati ya nidhamu na mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kati ya njia hizo mbili, ya kwanza ndiyo inayofunga vinywa.

Dai la nne: “Wazee wamekaa wakalimaliza. Kwa nini chuo kichokonoe?”

Kwetu hili ndilo lenye nguvu kuliko sheria zote nilizozitaja, kwa hiyo linahitaji kujibiwa bila haraka na bila dharau. Wazee wa Isiolo si watu wa kubezwa. Wao ndio wanaopanga zamu za visima, wanaorejesha mifugo iliyoibwa, wanaozuia damu isimwagike kati ya Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru. Azimio la Modogashe la mwaka 2001 lilitokana na busara ya aina hiyo: jamii za eneo hili zilikubaliana fidia ya mifugo ili mauaji yasizae mauaji mengine. Lipo kaburi ambalo halikuchimbwa kwa sababu wazee walikaa chini ya mti.

Lakini liangalieni azimio hilohilo: maisha ya mwanamume yalikadiriwa mifugo 100, ya mwanamke 50. Halikuandikwa kwa nia mbaya. Liliandikwa kupatanisha koo, na katika hesabu ya koo mwanamke ni mali iliyopungua upande mmoja. Maslaha, yaani mapatano ya wazee, katika kesi za ubakaji hufuata hesabu hiyo. Wanaokaa ni wanaume wa pande mbili. Anayelipa ni ukoo wa mkosaji, si mkosaji kwa nafsi yake. Anayepokea ni baba au mjomba. Msichana hahudhurii kikao, na akirudi chuoni muhula unaofuata anamkuta yuleyule ameketi safu ya mbele, au amesimama ubaoni.

Sheria ya nchi haiwakatazi wazee kupatanisha. Inaweka mpaka. Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza mbinu za jadi za kutatua migogoro, kisha katika fungu la tatu inasema mbinu hizo hazitatumika kwa njia inayovunja haki za msingi au inayopingana na haki na maadili. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinaondoa shaka iliyobaki: uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la ngono kilimpa Mwanasheria Mkuu, mamlaka ambayo chini ya Katiba ya 2010 yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya chifu, wala ya baraza la wazee, wala ya mkuu wa chuo. Hata baba mzazi hana.

Mfanyakazi wa chuo hakuwa kwenye kikao hicho na hafungwi nacho. Najua anayeambiwa “mwanangu, haya ni ya nyumbani” na mzee wa ukoo wake anabanwa vibaya, hasa akiwa kijana aliyesomeshwa kwa harambee ya wazee haohao. Kanuni iliyoandikwa humsaidia yeye kwanza. Anaweza kujibu kwa heshima: “Mzee wangu, si mimi ninayeamua, ni sharti la kazi, nisiporipoti ninafukuzwa.” Wajibu ulioandikwa humpa mnyonge aliyesikia ngao ambayo dhamiri peke yake haimpi.

Dai la tano: “Dini inatufundisha kusitiri.”

Dini inafundisha sitara, na ni mafundisho mazuri. Swali ni sitara ya nani. Kumsitiri msichana ni kutolitangaza jina lake sokoni, kutoisimulia habari yake kwa asiyehusika, kutomuuliza alikuwa amevaa nini. Yote hayo utaratibu wa ripoti unayataka. Kumsitiri aliyemdhulumu ili apate nafasi ya kumdhulumu mwingine ni jambo jingine, na sijui mafundisho yanayoliita wema. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Katika Suratun Nisaa aya ya 135 inawataka waumini wasimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa. Wakristo nao wana maandiko ya kumtetea aliyeonewa, na hawayakosi wakiyatafuta.

Wengine huongeza: “Alete mashahidi wanne.” Masharti hayo ni ya kumtuhumu mtu kwa zinaa. Msichana anayesema “nimelazimishwa” haungami zinaa wala hamtuhumu mtu kwa zinaa, analalamikia dhuluma. Tena aliyesikia hatoi hukumu. Kuhusu wapi shauri litasikizwa, Katiba haina utata: ibara ya 170 inaipa Mahakama ya Kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu. Makosa ya jinai hayamo.

Dai la sita: “Polisi hawafanyi kitu. Kuripoti ni kujichosha.”

Anayesema hivi ana sababu. Sisi wa ukanda huu tunazo habari mbili za kulipima dai hilo, kila moja ya upande wake.

Ya kwanza iko Meru, safari fupi kutoka Isiolo. Wasichana kadhaa waliokuwa wamenajisiwa walikwenda mahakamani, si kuwashtaki waliowanajisi, bali kuwashtaki polisi walioripotiwa wakakaa kimya. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba polisi, kwa kushindwa kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu, walivunja haki za wasichana hao, na kwamba uzembe huo uliwapa wakosaji kinga. Akaamuru uchunguzi ufanywe. Kesi hiyo, inayojulikana kama kesi ya wasichana 160, ilifika mbali kwa sababu palikuwa na watu wazima waliosikia, wakaandika, wakatunza kumbukumbu na wakasimama na watoto hao. Polisi wasiofanya kazi walishindwa na ripoti zilizowekwa vizuri. Kama kusingekuwa na aliyeripoti, hata uzembe wa polisi usingethibitika.

Ya pili iko Archers Post, ng'ambo ya mpaka wa Samburu, kwenye barabara ileile tunayopita kwenda Marsabit. Mwaka 2003 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu madai ya takriban wanawake 650 waliosema walibakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakifanya mazoezi Kenya, tangu mwaka 1965 hadi 2001. Polisi wa jeshi la Uingereza walichunguza, na hakuna mwanajeshi aliyeshtakiwa. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba maandishi mengi katika vitabu vya kumbukumbu vya Kenya yalionekana kughushiwa. Mtu anaweza kubishana na hitimisho lao, na wanawake wa Samburu na Isiolo wamebishana nalo mpaka leo. Funzo moja halina ubishi: mama aliyeumizwa miaka ya sabini, asiye na karatasi ya hospitali ya siku ile wala namba inayoaminika ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, alinyimwa haki kwa sababu kumbukumbu ilikosekana au ilichezewa. Walioambiwa wakati ule, wenye kalamu mikononi, walikuwa na uwezo ambao hakuna wakili wa leo anayeweza kuurudisha.

Kwa hiyo ripoti si kwa ajili ya polisi pekee. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Matibabu hayangoji polisi. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka manusura atibiwe kwanza, na daktari ajaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, ambayo baadaye itakuwa ushahidi pamoja na fomu ya polisi ya P3. Mfanyakazi anayekaa na habari siku nne huku akijiuliza kama inamhusu, ameshazipoteza saa 72 za mtu mwingine.

Dai la saba: “Tutaharibu jina la chuo. Na je, akiwa amesema uongo?”

Tuanze na uongo. Hofu ya kusingiziwa ni halali, na inajibiwa na uchunguzi, haijibiwi na kuzuia uchunguzi. Ripoti ya mfanyakazi ina kauli moja: “Nimeambiwa hivi, siku hii.” Anayetuhumiwa bado ana haki ya kusikizwa, kuleta mashahidi wake na kukata rufaa. Anayetoa kwa makusudi habari za uongo kwa mtumishi wa umma anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Sheria ya Adhabu. Mhadhiri asiye na hatia analindwa zaidi na kamati yenye kanuni kuliko na minong'ono ya mabweni, ambayo haimsikilizi mtu na haimwachilii mtu.

Sasa jina. Tusiende mbali. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya upili ya St. Kizito, Tigania, jirani yetu kabisa, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, 71 walibakwa. Magazeti ya wakati ule yalieleza kwamba kushambuliwa kwa wasichana hakukuwa jambo geni pale shuleni. Watu wazima walikuwa wakijua, kila mmoja kiasi chake, na kila mmoja akaona si yeye wa kupeleka mbele. Zaidi ya miaka 30 imepita na jina la shule ile bado linatajwa kwa usiku ule.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kilikuwa na fedha na mawakili ambao hakuna chuo chetu kinao. Daktari wake wa michezo, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi. Wanamichezo walisema wamewaeleza wafanyakazi wa chuo, akiwemo kocha, tangu mwaka 1997. Hao hawakuwa wasichana waliokaa kimya. Walisema, na waliosikia ndio waliotulia. Mwaka 2018 chuo kilikubali kuwalipa manusura dola milioni 500. Kulinda jina kwa kuficha ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote za kulipoteza.

Chini ya dai hili imefichika hofu nyingine ambayo watu huona haya kuisema: mfanyakazi anaogopa kazi yake. Haogopi bure. Novemba 2018, Rais Magufuli alipozindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, alimwandikia rais hadharani mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Yeye ndiye aliyeitwa na chuo kujieleza. Baadaye TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Tanzania, ilifanya utafiti kuhusu tatizo hilo katika chuo hicho na cha Dodoma, na neno ambalo lilikuwa la minong'ono likawa ajenda ya taifa. Mtu kama huyo asingehitaji kumwandikia rais kama ndani ya chuo pangekuwa na mlango unaofunguka. Kanuni inayomlazimisha mfanyakazi kuripoti lazima katika ukurasa uleule imwahidi kwamba hataadhibiwa kwa kuripoti. Bila sehemu ya pili, sehemu ya kwanza ni dhuluma kwa mfanyakazi.

Kinachotakiwa sasa

Wazazi wa Isiolo wana nguvu wasiyoitumia. Mkimpeleka mtoto chuoni mnauliza karo, mkopo wa HELB na kitanda. Ongezeni maswali matatu. Mwanangu akidhulumiwa, jina la ofisi inayopokea ripoti ni lipi na iko chumba gani? Nani hapa anaweza kumtunzia siri kamili? Mfanyakazi anayeficha mnamfanya nini? Chuo kisichoweza kuyajibu siku ya kuripoti kwa mwaka wa kwanza hakijajiandaa kumpokea mtoto wenu, na kiambiwe hivyo mbele ya wazazi wengine.

Wabunge wetu na seneta wetu nao wana kazi iliyo wazi: kifungu cha 24 kitaje chuo kikuu na vyuo vya kati kwa jina, na sheria imlinde mwanafunzi kama inavyomlinda mwajiriwa. Jambo hilo linahitaji maneno machache tu katika mswada wa marekebisho.

Vyuo visingoje bunge. Kanuni ya kurasa tatu inatosha: nani anaripoti, kwa nani, ndani ya saa ngapi, nini kinabaki siri, na nani analindwa. Ifundishwe kwa kila mfanyakazi, kuanzia profesa hadi mlinzi wa usiku, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa sababu mlinzi wa usiku ndiye atakayeambiwa kwanza.

Nawe unayefanya kazi chuoni leo, kabla kanuni hiyo haijaandikwa, hujaachwa bila njia. Simu ya 1195 inapokea habari za dhuluma za kijinsia bila malipo, na 116 inapokea za watoto. Jua hospitali iliyo karibu inayotoa huduma ya PRC. Jua jina la mshauri wa chuo chako. Yajue leo, kabla mtu hajagonga mlango wako, kwa sababu atakayegonga atakuwa amechagua kukuamini wewe kati ya watu wote waliomzunguka, na tangu dakika hiyo kunyamaza kwako kutakuwa uamuzi uliouchukua kwa niaba yake.